Mashini mbili za saisi: Chrome, Firefox au Opera Mini?

SWALI: Yaya fundi, jambo. Nina kijiduka cha saisi (kuchapa maandishi kwenye kompyuta) na fotokopi upande wa Kasapa, hapa Lubumbashi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo. Nina mashini mbili: ya zamani ina Windows 7 na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4, ya pili ina Windows 10 na GB 8. Intaneti ninaivuta kutoka kwenye simu, kwa mega za kununua. Kila mteja anakuja na mahubiri yake kuhusu kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Huyu anasema bila Chrome hakuna kazi, yule anasema Chrome inameza RAM, niweke Firefox. Mume wangu naye ananishangaa kwa nini sitaki Opera Mini kama ya kwenye Itel yake, maana mega zake hazimaliziki. Lakini wiki iliyopita mwanafunzi alijaza fomu ya kujiandikisha kwa hiyo Opera Mini, kitufe cha mwisho kikakataa kabisa. Tuliporudia kwenye mashini yangu kikakubali. Kipi ni kizuri kweli? Na kwa nini kila mtu anaapa kwa chake?

JIBU: Mama, jambo sana. Nianze na mume wako, kwa sababu kwake ndiko jibu la ile fomu lilikojificha.

Opera Mini ilianza mwaka 2005 huko Norwei, ikitengenezwa kwa ajili ya simu ndogo na mtandao dhaifu. Ukiandika anwani, simu yako haiendi yenyewe kwenye tovuti. Ombi linakwenda kwa seva za Opera, yaani kompyuta zake kubwa zilizo mbali, na seva hizo ndizo zinazofungua ukurasa, zinaubana, zinapunguza picha, kisha zinakutumia kifurushi kidogo. Ni sawa na kununua sombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kutwangwa sokoni. Mzigo ni mwepesi na makaa utatumia kidogo, lakini huwezi tena kuchagua jani, na aliyetwanga ameona kila kilichoingia kwenye kinu.

Kuchagua jani ndiko kulikomshinda mwanafunzi wako. Fomu za siku hizi zina programu ndogo ndani ya ukurasa, zilizoandikwa kwa JavaScript, zinazokagua namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, ukubwa wa picha, na ndipo kitufe kinaruhusiwa kubonyezeka. Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana kabisa, programu hizo zinaendeshwa kwenye seva kwa muda mfupi tu, halafu ukurasa unaletwa umeganda. Kwenye mipangilio yake kuna ngazi za kubana. Akiishusha au kuizima, fomu nyingi zitakubali.

Aliyetwanga naye tusimsahau. Katika hali hiyo ya kubana kabisa, seva iliyo katikati inalazimika kuufungua ukurasa hata kama ulifungwa kwa siri kati ya tovuti na msomaji, la sivyo ingeubana vipi? Kusoma habari na matokeo ya mpira, hakuna shida. Mambo ya benki, msipite huko. Na kwenye Windows hutaipata hata ukiitafuta: Opera ya kompyuta ni mtoto mwingine wa ukoo ule ule, haifanyi kazi hiyo ya kutwanga.

Sasa hao wateja wako wanaobishana. Chrome, Edge, Opera ya kompyuta, Brave, Vivaldi, hata Samsung Internet ya kwenye simu, zote zina moteri moja ndani, yaani ile sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Inaitwa Blink, na inatoka kwenye mradi wa Chromium ambao Google ndiyo mshika usukani. Opera iliacha moteri yake mwaka 2013. Microsoft iliacha ya kwake na kuitoa Edge mpya Januari 2020. Basi nikisikia vijana wawili wanagombana Edge na Chrome ipi inafungua kurasa haraka zaidi, naona watu wanaogombana juu ya Hiace ya njano na Hiace nyeupe. Ukitaka moteri tofauti kweli, zimebaki mbili za kutajwa: Gecko ya Firefox na WebKit ya Safari, kivinjari cha Apple. Mteja mwenye iPhone anayejisifu kwamba yeye anatumia Chrome, mwache tu ajisifu. Huku kwetu Apple inataka vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit, kwa hiyo ana Safari iliyovaa koti la Chrome.

Kuhusu RAM, mteja wako amesema kweli, ila kweli yake imezeeka. Chrome ilipotoka Septemba 2008, ilikuja na mpango wa kukipa kila kichupo (neno hilo nimelitoa kwenye Chrome ya Kiswahili, sisi hapa tunasema ongle) chumba chake na mlango wake. Kimoja kikianguka, jirani haanguki. Mwaka 2018, baada ya kasoro za Spectre na Meltdown kugunduliwa kwenye chipu za kompyuta, Google iliongeza kuta nyingine ili tovuti moja isichungulie data za nyingine, na ilikiri wazi kwamba hilo lingeongeza matumizi ya RAM kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox ikajenga kuta za namna hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo hakuna anayepewa usalama bila kulipa. Tofauti kati yao bado ipo, lakini haimwokoi mtu mwenye ongle 30 wazi, na wanafunzi nawajua.

Usiniamini mimi, pima. Kwenye Chrome bonyeza Maj na Échap (Shift na Esc) kwa pamoja, utaona kila ongle inakula kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu kwenye anwani. Mara nyingi mwizi ni ukurasa mmoja uliojaa matangazo ya kuchezacheza.

Hapo ndipo ninapoipendelea Firefox waziwazi. Kiongezi cha uBlock Origin kinazuia matangazo yasipakuliwe kabisa, na tangazo ambalo halikushuka halili mega wala RAM. Firefox inakikubali kizima, hata kwenye simu za Android. Chrome imebadilisha sheria zake za viongezi, na sasa kule kimebaki kidogo chake, uBlock Origin Lite, ambacho si kibaya lakini kimekatwa kucha. Brave inazuia matangazo yenyewe bila kuongezewa kitu. Mwanzilishi wake, Brendan Eich, ndiye aliyeitengeneza JavaScript mwaka 1995, hiyo hiyo iliyomtesa mwanafunzi wako.

Mashini ya Windows 7: weka Firefox, huna chaguo kubwa. Toleo la mwisho la Chrome lililoikubali ni la 109, la Januari 2023, na baada ya hapo viraka vya usalama vimekoma. Mozilla iliibakizia Windows 7 toleo la 115 ESR, lile la kutunzwa muda mrefu, na kuendelea kulitolea viraka muda mrefu baada ya wengine kuondoka. Lakini Windows yenyewe imeachwa na Microsoft tangu 2020, na kivinjari hakiwezi kuziba nyufa za nyumba nzima. Mashini hiyo iwe ya saisi, ya kusoma na ya kuchapisha. Mambo ya pesa na barua pepe yako mwenyewe yafanyie kwenye ile nyingine. Ukimpata kijana anayejua kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, GB 4 zinatosha, na utapata Firefox ya leo badala ya ya juzi.

Ya Windows 10: tumia Edge iliyomo tayari, hutapoteza mega kupakua kitu. Ina uwezo wa kulaza ongle zisizotumika ili RAM ipumue. Mteja akililia Chrome, mwekee, ila zisifunguliwe zote mbili kwa wakati mmoja. Na hizo mega, mama, tusikisingizie kivinjari. Nenda Paramètres, Réseau et Internet, kwenye Wi-Fi ya simu yako, uwashe connexion limitée (intaneti ya kupimwa). Bila hivyo Windows inajipakulia masasisho yake kimyakimya, na wewe unamtazama mteja kwa jicho baya.

Kwa nini kila mtu anaapa kwa chake? Wengi hawakuchagua, walikikuta. Chrome ipo kwenye karibu kila simu ya Android siku inapotoka kwenye katoni, na nywila zao zote zimo humo, kwa hiyo kuhama ni kama kuhama nyumba. Kukutwa kwanza kuna thamani: katika kesi ya Marekani ambayo jaji Amit Mehta aliiamua Agosti 2024, ilionekana kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili utafutaji wake uwe ndio unaokutwa kwenye simu na vivinjari vya wengine. Mozilla, mwenye Firefox, ni mmoja wa wanaolipwa, na sehemu kubwa ya mapato yake inatoka huko. Wanaoapa kwa Firefox wengi ni wazee wenzangu tulioteseka na Internet Explorer 6, kivinjari cha zamani cha Microsoft; Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 tulipumua, na shukrani hiyo haijaisha. Wa Opera Mini wanaapa kwa mfuko wao, na siwalaumu.

Kuna kitu hukuuliza ambacho kwangu ni kikubwa kuliko hayo yote, nacho ni kwamba mashini zako zinakaliwa na watu wengi. Kwenye Firefox ingia Paramètres, Vie privée et sécurité, uchague itumie navigation privée (hali ya siri) kila wakati, na uzime kuhifadhi nywila. Kwenye Edge mfungulie kila mteja dirisha la siri kwa Ctrl+Maj+N, na akiondoka ufunge madirisha ya siri yote, si lake tu, maana likibaki moja wazi akaunti yake haijatoka. Bei yake ni hii: umeme ukikatika, dirisha la kawaida hurejesha ongle zako kompyuta ikiwaka, la siri halirejeshi kitu. Kwa delestaji zetu, barua ndefu waandike kwanza kwenye Word, wahifadhi, ndipo wanakili kwenye fomu.

Ukurasa ukiuliza kama unaruhusu notifications, jibu ni Bloquer (zuia). Nusu ya kompyuta ninazoletewa eti zina virusi, zina ruhusa hiyo tu: mtu alibonyeza Autoriser (ruhusu) mara moja, tangu hapo vibandiko vya uongo vinaruka pembeni. Tunakwenda kwenye orodha ya ruhusa za tovuti, tunafuta, na kazi imekwisha. Hapo huwa naona aibu kudai pesa.

Dirisha la siri halifuti mafaili yaliyopakuliwa. Juzi nilifungua folda ya Téléchargements kwenye mashini ya duka moja kama lako, nikakuta diploma, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti za watu ambao mwenye duka hawakumbuki hata sura. Kila jioni kabla ya kufunga, futa folda hiyo, halafu futa na Corbeille (pipa la taka la kompyuta).