Katlesi za mboga za watoto wa shule: shughulika na maji kwanza, viungo baadaye

Dada wa Iringa uliyeuliza kwa nini katlesi zako za mboga za Kihindi zinafumuka kwenye mafuta, na zile zinazopona zinafika shuleni zimelegea: shida yako ni maji. Viungo ulivyoorodhesha viko sawa kabisa. Mimi nawafungia wanangu katlesi hapa Mbeya, na aliyenifundisha ni mama wa Kihindi tuliyekuwa tumepakana ukuta. Huyo mama alikuwa hagusi masala mpaka aridhike na viazi.

Sokoni usibebe viazi vyovyote. Mwambie muuzaji unataka vya ungaunga, vinavyopasuka vikichemka. Vile vipya ambavyo ganda linatoka ukivisugua kwa kidole bado vina maji mengi, vinafaa mchuzi.

Vichemshe vizima na maganda yake. Ukivimenya na kuvikata kwanza, vinakunywa maji. Wala usifuate dakika za mapishi ya mtu wa Dar. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo viazi vinachelewa kuiva, na huko Iringa ni hivyohivyo. Choma kwa kisu. Kikifika katikati bila kukwama, ipua. Menya vingali na moto, vipasue, vitandaze kwenye sinia mvuke wote utoke. Viponde vikishapoa, na usivikande sana maana vitavutika kama gundi.

Kwa kilo moja ya viazi naweka karoti mbili, kikombe cha njegere na kiganja cha maharage machanga, vyote vimekatwa vidogo, vimechemshwa kidogo na kuchujwa. Kuchuja peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pasha kijiko cha mafuta, tia binzari nyembamba nzima, ikianza kurukaruka weka kitunguu na tangawizi, kisha mboga. Kaanga mpaka ukiinamisha kikaango usione maji yakikusanyika upande mmoja. Ndipo utie nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kimoja cha garam masala, na chumvi. Kwa uchachu Wahindi hupenda amchur, yaani unga wa embe bichi lililokaushwa, kwa sababu hauongezi maji. Ukiukosa, kamulia nusu ndimu, isizidi.

Changanya na viazi, kotmiri, na vijiko vitatu vya chenga za mkate. Utapata katlesi kama ishirini. Kule Kolkata, India, huongeza bitiruti na karanga, na ndani zinakuwa nyekundu nzuri sana. Bitiruti naweka, karanga siweki za shule, maana watoto hugawana chakula na huwezi kujua karanga zitamdhuru nani.

Yai si lazima. Nyumba nyingi za Kihindu hazili mayai, na katlesi zao zinashika vizuri tu: koroga unga wa ngano na maji uwe uji mwepesi, chovya, gaagaza kwenye chenga za mkate. Mimi nafanya hayo jioni na kuziweka kwenye friji, asubuhi ni kukaanga tu, kwani kwa baridi ya Juni hapa kwetu sitaki kuponda viazi alfajiri. Dondosha chenga moja ya mkate kwenye mafuta. Ikichemka papo hapo, weka katlesi. Usiziguse mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, na usijaze kikaango.

Hizo zinazolegea shuleni, sababu ni kufunika kontena zikiwa na moto. Ziache wazi kwenye chekeche mpaka zipoe kabisa, ndipo ufunike. Chatine iwe kwenye kikopo chake.

Viazi vikipanda bei, chukua ndizi mbichi za Tukuyu. Wajain, ambao dini yao inawakataza mizizi na vyote vinavyochimbwa ardhini, hupika katlesi kwa ndizi mbichi. Chemsha na maganda, menya, ponda. Hizo ni kavu zaidi, kijiko kimoja cha chenga kinatosha. Hakikisha tu hazijaanza kuwa na utamu.