Hufyonza au hunasa?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu chembe za nano zinazosafisha maji. Niliandika: "Chembe hizi hufyonza madini mazito kama risasi na zebaki." Mhariri amefuta "hufyonza" akaweka "hunasa". Je, kuna tofauti, au ni mazoea yake tu?

JIBU: Tofauti ipo, na mhariri wako yuko sahihi.

Kufyonza ni kuvuta kitu hadi kikaingia ndani. Sifongo hufyonza maji, na maji hayo huenea sifongo lote. Risasi iliyoyeyuka majini haiendi hivyo. Ioni zake, yaani atomu zake zenye chaji ya umeme, zina chaji chanya, nazo huvutwa na sehemu zenye chaji hasi kwenye uso wa chembe, zikang'ang'ania papo hapo juu. Mfikirie ndege aliyetua kwenye ulimbo: ulimbo umemnasa, haukumfyonza.

Na uso ndio siri yenyewe ya nano. Chukua mchemraba wenye ubavu wa sentimita 1. Nyuso zake sita, ukizijumlisha, ni sentimita za mraba 6 tu. Ukate wote uwe michemraba yenye ubavu wa nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita), na jumla ya nyuso inafika mita za mraba 6,000, karibu na uwanja wa mpira, ilhali uzito ni uleule. Msomaji aliyeambiwa "hufyonza" hawezi kuelewa kwa nini chembe ikiwa ndogo zaidi ndivyo inavyofaa zaidi.

Sababu ya pili ndiyo inayonifurahisha hasa. Nasa ina kinyume chake tayari: nasua, kama tega na tegua, funga na fungua. Chembe zikishajaa, nyingi huoshwa kwa asidi. Ioni za hidrojeni hushika nafasi, risasi ikaachia, na chembe zikatumika tena. Hapo risasi imenasuliwa! Fyonza haina kinyume cha namna hiyo. Utalazimika kuzunguka kwa maneno mengi.

Ila mhariri ameliacha jambo moja. "Madini" hujumuisha hata chumvi na almasi, ambazo si metali. Andika "metali nzito", kisha uangalie upatanisho: metali zimenaswa, si yamenaswa. Sentensi yako basi iwe: "Chembe hizi hunasa metali nzito kama risasi na zebaki."