Nyanya iliyokufa maji

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, familia isiyojua kilimo inafaidika na bustani ya vyombo uani, au inapoteza muda?" Nililisoma mchana nikalipita, kisha usiku watoto walipolala nikalirudia. Limenichoma. Najua wengi watawajibu kwa hesabu: vyombo vingapi, mbegu kiasi gani, mafungu mangapi yamechumwa. Mimi hesabu hiyo sikuiweka, na sidhani kama ndiyo inayozivunja moyo familia zinazoanza. Kinachozivunja moyo ni jambo ambalo maelekezo mengi hayaligusi: katika nyumba yenye watu 4, nani anamwagilia?

Kwetu tulianza na vingi mno. Jumamosi moja tulijaza vyombo 11, kuanzia ndoo hadi masufuria yaliyotoboka, tukapanda mchicha, vitunguu vya majani, pilipili hoho, mnanaa, mrihani, giligilani na nyanya. Kila mtu alitaka chake, na hakuna aliyenyimwa. Nasema kwa uzito wote: anayeanza asizidishe vyombo 3, na nyanya isiwemo. Aanze na mchicha, maana kina cha sentimita 15 hadi 20 kinautosha na ndani ya wiki 3 au 4 mtu ameshaanza kuchuma. Aongeze mrihani, ambao kila ukiukata ncha juu kidogo ya jozi ya majani hutoa matawi mawili pale palipokuwa na moja. Mnanaa nao ni mwema, ila uwe peke yake kwenye chombo chake, kwa kuwa hutambaa chini kwa chini hadi uisonge mimea mingine. Giligilani yetu tuliotesha pembeni kisha tukaihamisha, na hapo ndipo tulipoikosea: mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kuguswa. Haikukaa siku nyingi ikaacha majani, ikakimbilia maua. Siku hizi mbegu zake tunazipanda palepale zitakapokaa.

Nyanya ndiyo iliyonifanya nikae kuwaandikia.

Ilikuwa ya binti yetu wa pili, wakati huo ana miaka 8. Mche aliuchagua mwenyewe, akaubeba mapajani njia nzima. Nikampa ndoo ya lita 20, ambayo kwa mche mmoja wa nyanya ni saizi nzuri. Tuliufukia mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi popote linapoguswa na udongo. Hilo tulipatia. Mengine yote niliyakosea mimi, si yeye.

Kosa la kwanza, matundu. Niliitoboa ndoo chini mara 4 kwa msumari wa moto, nikaridhika, kisha nikaiweka moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Ndoo ikakaa bapa, saruji ikayaziba matundu yale kama kiganja kinavyoziba mdomo. La pili, kokoto. Nilitandaza kokoto chini, unene wa vidole vinne, kwa sababu kila mtu husema zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji yaliyoshikwa na udongo laini hayashuki kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chepechepe, kwa hiyo ile sehemu yenye tope, badala ya kubaki chini kabisa ya ndoo, ilipanda juu, karibu na mizizi. La tatu, udongo wenyewe. Nilichimba uani, udongo wa mfinyanzi, nikaujaza kama ulivyo bila mboji wala kitu cha kuulegeza. Udongo wa namna hiyo ukiwa ardhini una minyoo na wadudu wanaoupitisha hewa. Ukiutia kwenye ndoo na kuumwagilia kila siku, unashikana kama tofali.

Lakini hata hayo yangevumilika kama tungekuwa na mmwagiliaji mmoja. Tulikuwa watatu, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Mke wangu alikuwa akimwagilia alfajiri kabla ya kutoka. Binti alimwagilia akirudi shule, kabla hata hajavua viatu. Mimi nilimwagilia jioni, kwa kuwa niliahidi kumsaidia na nilichelea kwamba mtoto husahau. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulifanya hivyo kwa mapenzi tu, na ndiyo maana bado linaniuma.

Wiki ya pili majani yalianza kulegea. Mmea uliolegea, kwa macho ya asiyejua, unaomba maji. Tukaongeza. Mke wangu akatoka kikombe akaenda jagi. Binti akawa anaimwagilia mara mbili na kukaa nayo akiizungumzisha. Majani ya chini yakageuka manjano, yakaanza kudondoka moja moja, na kila lililodondoka aliliokota na kulificha ndani ya daftari.

Mama yangu alikuja kututembelea siku ya Ijumaa. Alipita uani kunawa, akaiona ndoo, akachutama. Hakugusa jani hata moja. Alizamisha kidole cha shahada kwenye udongo mpaka pingili ya pili, akakitoa, akakitazama, akakinusa. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, "Leo nani kaimwagilia hii?"

Tulijibu watatu kwa pamoja, "Mimi."

Nakumbuka tulivyotazamana. Mama akasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akaniomba nimletee gunia tuimwage.

Nilipoipindua, udongo ulitoka mzima, umejichora umbo la ndoo, na chini yake kokoto zilikuwa zimezama kwenye maji meusi. Harufu ilikuwa ya yai viza. Aliyewahi kuozesha chombo uani anaijua harufu hiyo, haimtoki puani. Mama alipasua bonge lile kwa vidole akamwonyesha binti mizizi. Mzizi mzima huwa mweupe na mgumu kidogo ukiubinya. Hii ilikuwa ya kahawia, na alipouvuta mmoja ngozi yake ya nje ilivuka kama soksi iliyolowa, ukabaki uzi mwembamba katikati, mithili ya uzi wa kushonea.

Binti aliushika uzi ule muda mrefu. Akamuuliza, "Bibi, kwa hiyo niliiua mimi?"

Mama akamwambia, "Mjukuu wangu, mizizi nayo hupumua. Hii ilikufa maji. Na maji tuliyatia wengi."

Ndivyo ilivyo, na laiti ningelijua kabla. Kati ya chembe na chembe za udongo kuna nafasi, na kwenye nafasi hizo ndiko mzizi unakopata oksijeni. Maji yakizijaza na kukaa, mzizi unakosa pumzi, unaanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji. Kwa hiyo majani yananyauka kwa kiu huku mmea umesimama ndani ya maji. Anayetazama majani peke yake atakosea kila siku. Pa kutazama ni udongoni, kwa kidole. Ukiwa mkavu hadi sentimita 2 au 3 chini, mwagilia mpaka maji yatoke matundu ya chini. Ukiwa na unyevu, ondoka.

Kuanzia siku hiyo tuliweka sheria ya nyumba: chombo kimoja, mwenyewe mmoja. Ndoo zote tuliziinua juu ya vipande vya tofali ili matundu yapumue. Udongo tukauchanganya upya, sehemu kubwa ikiwa mboji iliyoiva vizuri, pamoja na mchanga wa chenga kubwa. Samadi mbichi hatukuthubutu, huunguza mizizi na si salama kwa mboga za kuliwa mbichi. Visahani vya chini ya vyungu tukavikusanya, kwa sababu maji yakituama humo wiki nzima ni uwanja wa mbu. Binti akapewa mche wa pili.

Hadi hapa nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kuwashauri wasomaji waifuate sheria hiyo bila kupinda. Sasa nikiandika nakumbuka kilichoufika mche wa pili, na naona sitakuwa mkweli nikiishia hapo.

Mche wa pili ulistawi. Ukatoa maua, na binti akawa anayatikisa polepole asubuhi, maana ua la nyanya hujichavusha lenyewe na likitikiswa chavua huanguka vizuri zaidi. Matunda yakashika. Kisha binti akapata homa, akalala siku 4, na ndoo ile haikumwagiliwa na mtu. Wala hatukuisahau. Mke wangu aliiona, nami niliiona nikiwa nakwenda kuanua nguo, na kila mmoja alijiambia kwamba hiyo ina mwenyewe, na mara iliyopita tuliiua kwa kuiingilia. Siku ya 5 udongo ulikuwa umejitenga na ukingo wa ndoo. Mke wangu akamwaga maji mengi kwa mkupuo, na yote yakapitia pembeni yakatokea chini bila kulowesha katikati. Udongo uliokauka kiasi hicho unayakataa maji. Ilibidi tuikalishe ndoo ndani ya beseni la maji hadi udongo unyonye kutoka chini. Ulinusurika, ila matunda 5 ya kwanza yalitoka na kovu jeusi lililobonyea kitakoni. Ni ukosefu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo kwenye udongo, ila hufika kwenye tunda ikibebwa na maji. Maji yakija leo mengi na kesho hayapo, tunda ndilo linaloumia.

Basi sheria yangu ina tundu, na si la kutolea maji. Nyanya ya kwanza ilikufa kwa sababu hatukuzungumza, na ya pili nusura ife kwa sababu hiyohiyo.

Mmeuliza kama inafaidisha au ni kupoteza muda. Nilikaa kuandika nikiwa na jibu la kuwaonya watu. Sasa nasema inafaidisha, ingawa kwa masharti. Uani pasipopata jua kwa muda wa saa 6 kwa siku, achana na nyanya na hoho, shika mboga za majani na mnanaa. Chombo kilichowahi kuwekwa sumu au kemikali kisitumike, hata ukikisugua namna gani. Kama hakuna hata mmoja wa kushinda nyumbani kipindi cha joto kali, vyombo vidogo vitawatesa, maana kuna siku hutaka maji mara mbili. Maji hayo nayo huondoka na rutuba, kwa hiyo mboji iongezwe mara kwa mara. Na vyombo 3 bado nasimama navyo. Kuhusu nyanya, nimesema juu isiwemo, na nikimkumbuka mtoto aliyeubeba mche mapajani njia nzima sioni ningemwambia nini. Pengine iwemo moja, iwe ya mtoto, na watu wazima wote wa nyumba waijue.

Suluhisho letu alilileta binti mwenyewe alipopona. Alibana kibanio chekundu cha nguo kwenye ukingo wa ndoo. Anayemwagilia asubuhi anakihamishia upande wa ukutani, na jioni mtu mmoja, yeyote yule, anatia kidole kwanza kisha anakirudisha upande wa mlango. Vibanio sasa viko 3, kwenye ndoo 3. Leo asubuhi nilipotoka na jagi vyote vilikuwa vimeelekea ukutani, nikarudi ndani.

Msomaji wenu