Chumba cha gari nyumba kinatoka mshazari: usiagize mota kabla hujapima umeme

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umenunua gari nyumba hapo Moshi kwa mtu aliyekuwa anahama. Ukibonyeza swichi, chumba cha ubavuni, kile kinachochomoza nje kwa mota ili ndani pawe na nafasi, kinatoka upande wa mbele, upande wa nyuma unabaki, kinanguruma kidogo kisha kinakata. Ukibonyeza tena kinasogea kama inchi moja, kinakata. Fundi amekwambia mota zote mbili zimekufa, uagize nyingine Marekani. Naomba usitume hiyo hela kwanza. Ugonjwa huo nimeuuguza mwenyewe miezi mitano, na mota zangu zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Mimi kazi yangu ni kufunga na kukarabati pampu za visima. Naishi Njiro, Arusha, lakini karibu nusu ya mwezi niko Longido, Engaruka au kule Ziwa Natron, na huko kazi ikichelewa lazima uwe na pa kulala. Mwaka 2021 nikanunua boksi la kulala lililofungwa juu ya lori la Isuzu. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameagiza vyuma vya chumba cha kuchomoza kutoka Marekani, mfumo ule unaoitwa Schwintek. Kwa picha uliyoweka, ile reli ya alumini yenye mistari miwili ya meno, chako ni hichohicho.

Kwanza uelewe kinavyofanya kazi, la sivyo kila fundi atakuuzia kitu. Kila ubavu wa chumba una reli yake yenye meno juu na chini. Ndani ya fremu ya ukuta, kila upande, imesimamishwa mota moja nyembamba. Mota inazungusha mhimili wenye gia ndogo juu na chini, na gia hizo zinatambaa kwenye meno ya reli. Sasa sikiliza: hakuna chuma chochote kinachounganisha upande huu na ule. Kinachozifanya mota mbili zitembee pamoja ni kontrola tu, kile kiboksi cha elektroniki kinachoziongoza. Kila mota ina senso inayohesabu mizunguko, kontrola inalinganisha hesabu, na ikiona mmoja amekwama inazisimamisha zote mbili. Kwa hiyo huko kukata kwake siyo kifo cha mota. Kontrola inakizuia chumba kisipinde na kuvunja ukuta.

Na mota za namna hii zikikosa volti zinapungua kasi na nguvu. Upande wenye msuguano mdogo unaendelea kujikokota, upande wenye msuguano mkubwa unasimama. Ukiwa nje unaona mmoja anatembea na mwingine amelala, unasema yule aliyelala amekufa. Mimi nilisema hivyo hivyo. Nikazitoa zote mbili, nikazilaza juu ya meza, nikaziunganisha moja moja kwenye betri kwa waya mfupi mnene. Zikazunguka sawasawa, na ampea zilizovuta zikawa zilezile. Kipimo hicho hakihitaji hata shilingi moja, mwambie fundi wako akifanye mbele yako.

Njaa ya umeme ndiyo iliyonimalizia muda. Betri yangu ikiwa imepumzika ilisoma 12.6, nikaridhika kwamba umeme upo. Lakini volti za betri iliyopumzika hazikwambii chochote kuhusu kinachofika mbele ya mota wakati mota inavuta. Jambo hili nalijua kwenye pampu, na bado nyumbani kwangu sikulifanya hadi nilipokwama Engaruka mwezi wa nane, alfajiri, chumba kimebaki nje kama sentimita 40 na natakiwa kuwa Arusha mchana. Tulichomoa nyaya za mota, vijana wanne wa boma la jirani wakaweka mabega, wakakisukuma ndani taratibu huku mimi nikiangalia pembe zote mbili ziingie pamoja. Wewe likikukuta hilo, chumba kikishaingia zirudishe nyaya za mota mahali pake kabla hujaondoka. Zikiwa zimechomekwa kwenye kontrola ndizo zinazokishika chumba kisitoke njiani. Juu ya hapo nilikata mbao mbili nikazikaza ndani, kati ya chumba na ukuta wa pili, na sikuvuka spidi ya 50.

Jumapili iliyofuata nikamwita kijana wangu ashike swichi, mimi nikapiga magoti mbele ya kontrola na mita ya kupimia umeme mkononi. Akabonyeza, nikapima kwenye nguzo za betri: 12.2. Akabonyeza tena, nikapima pale nyaya zinapoingilia kontrola: 9.6. Volti 2.6 zimepotea njiani, na njia yenyewe ni mita sita tu.

Nikaanza kuzitafuta kipande kwa kipande. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha chasisi nilichokikwangua mpaka kikang'aa. Akabonyeza: 1.3. Hapo, kama ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye chasisi, ni nzima, mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Nikafungua bolti ya ethi. Chini ya kichwa cha waya rangi nyeusi ya chasisi ilikuwa haijakwanguliwa kabisa, washa ya bolti imekalia rangi, na kuzunguka tundu kulikuwa na kutu iliyomeguka kwa kucha kama ganda la kahawa kavu. Umeme wote wa chumba ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti peke yake. Aliyebadilisha betri kabla yangu alihamisha ethi mahali pepesi kufikia, akakaza juu ya rangi, akaondoka.

Zile 1.3 zilizobaki zilikuwa kwenye waya wenyewe. Walivuta waya wa milimita 4 za mraba. Hesabu yake ni nyepesi: shaba ya unene huo, mita 12 kwenda na kurudi, ampea 25, inakula volti 1.3. Ukiweka wa milimita 16 za mraba inakula kama 0.3. Nikanunua waya mnene mjini, nikabana vichwa vyake kwa koleo la kubania, siyo kwa nyundo, nikakwangua chasisi hadi chuma cheupe, nikakaza ethi na kuipaka grisi kwa juu baada ya kukaza ili maji yasiingie. Haikuzidi laki moja na nusu. Tulipobonyeza, kontrola ilisoma 11.8 na mlio wa mota ukabadilika, ule mngurumo wa kuchoka ukawa mvumo mmoja wa juu. Kijana wangu aliusikia kabla sijamwambia namba.

Fyuzi niliacha ileile ya ampea 30. Mkuu, kwenye picha yako ya pili naona kipande cha waya wa shaba kimezungushwa pale penye fyuzi. Kitoe leo. Wewe na watoto mnalala humo ndani, na umeme ukizidi bila fyuzi ya kuukata, waya mwembamba unaokwenda kwenye kontrola utawaka kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa vumbi. Umeme ulipokaa sawa, upande wa nyuma bado ulikuwa unachelewa kwa kama vidole viwili. Ukiendesha gari lenye mgongo wa bapa kwenye barabara ya vumbi, vumbi linavutwa nyuma na kuzunguka pembe za nyuma, kwa hiyo mpira wa kuziba ukingo wa chumba kwenye pembe hiyo ndio unaokula vumbi zaidi. Mimi nimepita sana ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, na vumbi la kule ni laini kama unga wa sembe, linaingia mahali ambapo maji hayaingii. Nilipouinua mpira kwa bisibisi bapa nilikuta mfereji wa reli umejaa, na mvua zilikuwa zimeshalifinyanga vumbi hilo likawa gumu. Kwenye meno kulikuwa na tope jeusi linalong'aa. Nililisugua katikati ya vidole, likaacha weupe wa fedha kwenye ngozi. Ule weupe ni alumini ya meno yenyewe. Kuna mtu alikuwa amepaka grisi ili gia "ziteleze", grisi ikashika vumbi, ikawa msasa unaosaga meno kila chumba kinapotoka na kurudi.

Tuliitumia siku nzima. Brashi ya meno, brashi ya rangi iliyokatwa fupi, kijiti cha mwanzi kwa pembe za chini, kisha upepo wa kompresa kwa fundi pancha wa jirani. Kwenye meno tulipitisha kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo, tukiyaepusha na mpira, halafu tukafuta mpaka kitambaa kikatoka safi. Meno hayo usiyapake grisi wala oili. Kama yanapiga kelele tumia kilainishi kikavu cha kupuliza, kile kinachokauka na kuacha utando. Mpira wenyewe upake silikoni ya kupuliza, ndiyo inayoufanya uteleze na usichanike. Grisi na oili huuvimbisha. Mimi sasa kila nikirudi kutoka Natron nafuta mpira na kupuliza reli kabla sijabonyeza swichi, hata kama nimechoka. Vumbi likishavutwa ndani mara moja, kazi yake ni mara tatu.

Ukiwa hapo hapo bonyeza sakafu ya chumba kwa kidole gumba kwenye pembe za chini, kwa ndani. Gari lako limepigwa na masika ya Moshi likiwa limesimama, na mpira wa juu naona umejikunja. Kama plaiwudi inabonyea, chumba kimezama upande huo na gia zinabeba uzito ambao si wao. Itakubidi ukate kipande kilichooza na kuweka ile plaiwudi nyeusi ngumu wanayofungia zege, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine na sitairefusha hapa.

Umeme ukiwa sawa na reli zikiwa safi, bado kontrola inakumbuka hesabu mbovu. Kuzipatanisha mota fanya hivi: simamisha gari mahali tambarare, pima kwa pimamaji sakafuni urefu na upana, maana chasisi ikijipinda fremu ya ukuta nayo inajipinda. Washa injini kama altaneta yako inachaji betri ya nyumba, ile inayolisha mota za chumba, mita isome 13 na kitu. Toa chumba mpaka mwisho na usiachie swichi mpaka mota zisimame zenyewe. Rudisha ndani inchi moja au mbili, kisha toa tena mpaka zisimame zenyewe. Rudia. Mara ya kwanza utasikia moja inasimama kabla ya nyingine. Endelea mpaka usikie zote zinasimama pamoja. Yangu ilichukua mara nne.

Ikiwa kontrola imegoma kabisa na inapepesa taa tu, ina kitufe kidogo juu yake. Kibonyeze haraka mara sita, mara ya saba kishikilie kama sekunde tano mpaka taa nyekundu na ya kijani zipepese pamoja, ndipo utumie swichi ya ukutani. Ukiwa katika hali hiyo kontrola haizilindi tena mota, upande mmoja ukitangulia itauachia tu. Kwa hiyo mama watoto ashike swichi, wewe simama nje unapoona pembe zote mbili, na ukiona tofauti ya vidole viwili mwambie aachie. Usiweke mkono kati ya chumba na ukuta, na watoto wasiwepo ndani wala upande huo wa nje. Ukimaliza, hakikisha kontrola imetoka katika hali hiyo.

Wengine mnaosoma huu uzi na vyumba vyenu si vya aina hii, msifuate hayo ya kitufe. Kama una mota moja chini ya sakafu inayozungusha mhimili mmoja mrefu, na mota inalia lakini chumba hakiendi, tazama kwanza pini au bolti ya kwenye mhimili, iliwekwa ikatike ili gia zisivunjike. Na mara nyingi kuna sehemu ya kuingiza soketi ukakizungusha kwa mkono. Kama ni cha kamba za waya na umeona nyuzi zimeanza kukatika, usikisogeze tena mpaka kamba ibadilishwe. Cha haidroliki sijawahi kukifungua, atakayejua zaidi yangu aje aeleze.

Mkuu, kabla ya kitu kingine chochote niandikie namba tatu, zote zikiwa zimepimwa wakati mtu ameshikilia swichi: volti kwenye betri, volti kwenye kontrola, na volti kati ya nguzo hasi na chasisi iliyokwanguliwa. Na upige picha ya bolti ya ethi ukiwa umeifungua, si ikiwa imekazwa.