Piki Nilikuwa Nayo Mkononi Siku Zote

Wiki hii mmetuuliza: ni video gani iliyokufanya ujaribu kitu ambacho hukukitarajia? Yangu ilijitokeza kwenye simu ambayo hata haikuwa yangu.

Mimi ni fundi simu mjini Kitale. Nikishabadilisha spika, hucheza video yoyote nisikie kama sauti inakwaruza. Siku hiyo akatokea mzee wa Kizungu amekaa kitini, macho kayafumba, gitaa kavu mapajani, ngoma hakuna. Noti zilimtoka kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe, ila kila punje unaisikia peke yake. Nikadhani kuna mtu kaiongeza kasi video. Nikaangalia: kasi ni ya kawaida. Mwenye simu aliingoja siku mbili zaidi, na hadi leo hajui kwa nini.

Yule mzee ni Doc Watson wa Deep Gap, kwenye milima ya North Carolina, Marekani, mpiga gitaa kipofu tangu uchanga. Alizaliwa 1923, akafariki 2012. Muziki wenyewe, bluegrass, muziki wa ala za nyuzi wa huko Marekani, ulipata jina kutokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Humo fidla, banjo na mandolini ndizo zilizokuwa zikipokezana kuongoza. Gitaa mara nyingi lilikaa nyuma kushika mapigo, kama mpishi wa harusini: bila yeye hakuna sherehe, lakini kwenye picha hayumo. Miaka ya 1950 Watson alikuwa kwenye bendi ya dansi isiyo na mpiga fidla, na wachezaji wakizitaka nyimbo zao za fidla. Basi akazipiga kwa gitaa. Mambo makubwa huanza hivyo, mtu fulani akikosekana kazini.

Mimi gitaa nilifundishwa na mjomba wangu, mpigaji wa omutibo, ule mtindo wa Waluhya uliovumishwa na George Mukabi. Kwetu ni vidole vitupu: gumba kwenye besi, cha shahada kwenye wimbo. Hawa wa bluegrass hushika kipande cha plastiki cha pembetatu, piki. Nikaanza kuwaza nitaipata wapi hapa mjini, nikatazama mezani. Ile pembetatu ninayopenyezea kati ya kioo na fremu kufungulia simu ni hiyo hiyo! Nilikuwa nazo kumi na mbili kwenye kopo.

Usiku nikaanza kutazama video kwa nusu mwendo. Kwa wiki nzima nilikodolea macho mkono wa kushoto, kumbe siri iko kulia. Piki inashuka kwenye pigo, inapanda katikati ya mapigo, na haisimami. Hata pasipo na noti, mkono unapita hewani tu na kurudi, kama ufagio wa mtu anayefagia uwanja. Mimi nilikuwa nasimama kila noti kutafuta inayofuata, ndiyo maana nilisikika kama gari lenye mafuta machafu.

Baada ya Watson nikamfikia Clarence White, mpiga gitaa mwingine wa bluegrass, aliyegongwa na gari la dereva mlevi mwaka 1973 akiwa na miaka 29. Huyu unamngojea hapa, yeye anatokea pale. Kisha Tony Rice, ambaye utotoni alikutana na White, na mwaka 1975 akalinunua gitaa la marehemu huyo, Martin D-28 la 1935 ambalo tundu lake la sauti lilikuwa limepanuliwa. Tazameni mkono wa Rice: hausogei sana, utadhani anakuna mbu aliyekwishamuuma, na gitaa zima linanguruma. Sijamwezea hata mstari mmoja kwa mwendo wake.

Mjomba hakupendezwa. Nilipompigia wimbo wangu wa kwanza, tena kwa mbio zote nilizonazo, alingoja nimalize, akauliza:

"Kuna mbwa anakufukuza?"

"Hapana, mjomba. Ndivyo unavyopigwa."

"Basi huyo mzee wako unayemsifu hakimbii. Wewe ndiwe unayekimbia."

Nikamwekea Watson kwenye simu. Akasikiliza kimya mara mbili, kisha akainuka, akarudi na chupa tupu ya Fanta na kijiti, vyombo vya omutibo. Akaniambia nianze upya, polepole. Kwenye bluegrass, mandolini hukata pigo kavu katikati, pale besi inaponyamaza. Mjomba hajawahi kuiona mandolini, lakini kijiti chake kiliangukia hapo hapo. Mara tatu nilimtangulia, na mara tatu aliacha kugonga akanitazama tu, hadi nikarudi mwanzo.

Sasa hivi kwa nusu mwendo naumaliza ule wimbo. Piki zimebaki nne, nyingine zimelika ncha, na simu ya kioo kilichopinda siku hizi naifungua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.