Nyuzi 95: nilivyojifunza kuandika kazi za chuo

Mwaka wangu wa kwanza chuoni hapa Goma, kundi letu la maabara lilichemsha maji, likasoma nyuzi 95 kwenye kipimajoto, kisha likaandika 100 katika ripoti kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Msaidizi wa profesa aliizungushia namba hiyo wino mwekundu, akatuuliza mji wetu uko kwenye mwinuko gani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kumbe tulikuwa tumefuta tokeo sahihi.

Tangu hapo, katika kazi za sayansi, huandika sehemu ya mbinu na ya matokeo siku ileile ya jaribio: nilitumia chombo gani, maji kiasi gani, nilisoma mara ngapi. "Maji yalichemka kwenye nyuzi 95" ni tokeo. "Yalichemka mapema kwa sababu ya mwinuko" ni maelezo, nayo hungoja sehemu ya mjadala. Muhtasari huuandika mwisho, ingawa msomaji huanza nao.

Tabia hiyo niliipeleka kwenye somo la historia, nikaanguka tena. Insha yangu ilihusu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, wa tarehe 17 Januari 2002: lava iliingia mjini, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika Ziwa Kivu, na wakazi wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda. Yote yalikuwa kweli, lakini mwalimu aliandika pembeni: "Na wewe unadai nini?" Nilikuwa nimezoea kujificha nyuma ya kipimo, ilhali katika historia hoja ndiyo inayobeba insha, na msomaji anataka kuiona mapema. Niliandika upya nikianzia jambo moja, kwamba watu wengi walirudi baada ya siku chache, lava ikiwa bado ya moto. Nilidai kuwa hawakurudi kwa kutojua hatari, bali kwa kuogopa zaidi kupoteza mali na riziki. Hapo ikanibidi nioneshe nani alisimulia, alikuwa wapi, na nani anampinga. Shangazi yangu, aliyerudi kulinda duka, na jirani yake aliyebaki Gisenyi hawakusimulia mambo sawa, nami niliwaweka wote wawili.

Kuhusu tanbihi, muulize mwalimu anataka mtindo gani, uufuate. Si jambo la kukukosesha usingizi.

Kinachonisumbua zaidi ni Kifaransa, lugha ya kazi zetu, kwa kuwa sentensi yake nzuri huweza kufunika hoja isiyokuwepo. Kwa hiyo kabla sijaandika insha yoyote, humweleza mdogo wangu hoja yangu kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, akiwa anawasha makaa jikoni. Akiniuliza, "Halafu?", narudi mezani.