Kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake na futiboli ya Kimarekani

Dada, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 16, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa yuko nanyi Texas, anaweza kufika chuo kwa futiboli ya Kimarekani wakati hata kanuni zake bado zinamchanganya. Anaweza. Mpwa wangu alitoka kambi hiyohiyo, na leo anacheza chuo cha Daraja la Pili (michezo ya vyuo ina madaraja matatu), mlinzi wa pembeni anayemkimbiza mrusha mpira.

Ugeni wa mchezo usiwatishe. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda kusoma BYU, chuo kikuu cha Utah, mwaka 2008, akaanza futiboli 2010, na 2013 Detroit Lions wakamchukua wa tano katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alikichezea Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1995 alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Mpwa wangu alibebwa na miguu ya soka. Kocha alimwinamisha mkono mmoja ukiwa chini, akamkandamiza mgongo kwa kiganja mpaka ukalala sawa, akampa kazi moja tu: mpira ukitikisika, chomoka. Mengine alijifunza taratibu.

Vijana wetu wanakwamia kwenye masomo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ili acheze Daraja la Kwanza tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inataka kozi 16 za msingi za sekondari (Kiingereza, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na kadhalika) zenye wastani wa alama usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Kumi kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Daraja la Pili wastani ni 2.2. Madarasa ya Kiingereza cha kuanzia wanayopangiwa wageni kwa kawaida hayahesabiwi humo. Nimemwona mtoto wa jirani amehitimu, kocha wa chuo anamtaka, kisha anaambiwa kozi hazitoshi. Iliniuma sana, maana hakuna mtu mzima aliyemwambia mapema. Wiki hii nendeni kwa mshauri wa masomo, mwombe orodha ya kozi za shule hiyo zinazokubaliwa na NCAA, mkae naye mpange. Msimwachie kocha, yeye anawaza mechi ya Ijumaa.

Tunzeni pia karatasi zote za shule ya kambini, kwa sababu kwa Daraja la Kwanza NCAA huhesabu miaka minne ya kukamilisha kozi hizo tangu mwanafunzi alipoanza darasa la tisa, hata kama alilianza nje ya Marekani.

Halafu umri. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa 1 Januari. Huko Texas mchezaji wa sekondari anatakiwa awe hajafikisha miaka 19 ifikapo 1 Septemba, kwa hiyo pigeni hesabu sasa. Kama tarehe si sahihi, muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote.

Masomo yakimzidi, kuna vyuo vya miaka miwili ambavyo wengi hupitia. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo, ila lina misaada mingine ya masomo.

Mama yenu anaogopa kijana ataumia kichwa, na ana haki. Mchezaji akishukiwa kuumia kichwa, sheria ya Texas inataka atolewe uwanjani na asirudi bila kibali cha daktari. Kijana aelewe kwamba kizunguzungu hakifichwi. Mkishapata orodha ya kozi iweke hapa, tuipitie pamoja.